Molariti: Jinsi ya Kuhesabu Chembe kwa Mizani

Geuza pakiti ya ORS, ile ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, usome maandishi madogo ya nyuma. Kwa kila lita moja ya maji, fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Ukiangalia gramu, sukari imezidi chumvi mara tano. Mtu akiambiwa kwamba dawa hiyo imepimwa ili glukosi na sodiamu zilingane, ataona anachezewa.

Hachezewi. Katika lita hiyo moja kuna milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu; milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe, si cha uzito, na tutakifafanua hapa chini. Ukuta wa utumbo mwembamba una protini inayoingiza glukosi mwilini, lakini haiibebi glukosi peke yake. Huibeba pamoja na sodiamu, na maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane alilieleza wazo hilo mwaka 1960. Protini hiyo haijui gramu. Inapokea chembe kwa idadi, hii na ile. Ndiyo maana masharti ya fomula yanataka glukosi isipungue sodiamu kwa idadi, wala isizidi mno. Hata jumla ya chembe zote huhesabiwa, kwa sababu myeyusho uliojaa chembe kupita kiasi huvuta maji kuyarudisha kwenye utumbo badala ya kuyaacha yaingie mwilini. Mwaka 2002 jumla hiyo ilishushwa kutoka milimoli 311 hadi 245 kwa lita, na fomula ya sasa ndiyo hiyo iliyo kwenye pakiti.

Basi anayetengeneza dawa anafikiria idadi, huku mkononi ana mizani ya gramu tu. Molariti ndiyo hesabu inayomtoa kwenye gramu na kumfikisha kwenye idadi. Wanafunzi wengi wa Nairobi hukutana nayo kidato cha tatu, huikariri kama fomula, na huisahau siku ya pili baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Nadhani inawaponyoka kwa sababu hufundishwa fomula kabla ya kuambiwa ni nini hasa kinachohesabiwa.

Fikiria duka la hadiwea. Misumari huuzwa kwa kilo, lakini fundi anayeezeka mabati anahitaji misumari kadhaa, hahitaji kilo kadhaa. Kilo ya misumari ya inchi mbili ina misumari mingi kuliko kilo ya inchi nne. Muuzaji mzoefu hakai chini kuhesabu mmoja mmoja. Anajua kilo ya kila aina inatoa kama mingapi, kwa hiyo anapima na kumaliza. Kemia hufanya vivyo hivyo. Kwa vile chembe zake ni ndogo mno, fungu lake la kuhesabia ni kubwa ajabu: chembe 602,214,076,000,000,000,000,000. Fungu hilo huitwa moli.

Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi hivyo ilivyo, bila makadirio. Kabla ya hapo moli ilifungamanishwa na idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Inabeba jina la Amedeo Avogadro, ingawa Mwitalia huyo hakuwahi kuihesabu. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli.

Kwa bahati nzuri, kwenye hesabu za kila siku namba hiyo ndefu haiguswi kabisa. Unachohitaji ni uzito wa moli moja, nao unaupata kwenye jedwali la elementi. Sodiamu ni 23, klorini ni 35.5, basi moli moja ya chumvi ya mezani ina gramu 58.5. Glukosi ina atomi sita za kaboni, kumi na mbili za haidrojeni na sita za oksijeni: 72 na 12 na 96, jumla 180. Gawanya gramu ulizo nazo kwa uzito huo, umepata moli. Gawanya moli kwa lita za myeyusho, umepata molariti, ambayo huandikwa kwa herufi M.

Turudi kwenye pakiti tuihakiki wenyewe. Gramu 13.5 za glukosi ukigawanya kwa 180 unapata moli 0.075, yaani milimoli 75. Hiyo imekaa. Chumvi: 2.6 kwa 58.5 ni 0.0444, yaani milimoli 44 na kidogo. Sasa mbona sodiamu itimie 75? Kwa sababu sitrati nayo ina sodiamu, tena atomi tatu katika kila molekuli. Moli moja ya sitrati hiyo, pamoja na maji yaliyomo ndani ya fuwele zake, ni gramu 294. Gramu 2.9 ni moli 0.00986, mara tatu ni 0.0296. Jumlisha na ile ya chumvi, unapata 0.074. Kilichobaki ni makadirio ya desimali. Hapa kuna jambo ambalo fomula peke yake haikuambii: kabla ya kuhesabu, amua unahesabu nini. Molariti ya sitrati ni moja, na molariti ya sodiamu iliyotoka kwenye sitrati hiyo hiyo ni mara tatu yake.

Hadi hapo mgawanyo wa kwanza hausumbui watu. Unaosumbua ni wa pili, ule wa lita. Lita ya nini?

Si lita ya maji uliyomimina. Ni lita ya myeyusho uliopatikana baada ya kila kitu kuyeyuka. Ukitaka kuona tofauti, chukua sukari ya kawaida ya chai, sukrosi, ambayo moli yake moja ni gramu 342. Mtu anayetaka myeyusho wa 1 M anapima gramu 342, anamimina lita moja kamili ya maji, anakoroga, anaandika 1 M kwenye kibandiko. Akiumimina kwenye chombo cha kupimia atakuta karibu lita 1.21. Sukari ilichukua nafasi yake. Moli moja kwa lita 1.21 ni 0.83 M, kwa hiyo kibandiko kimedanganya kwa karibu asilimia 17. Kwa chumvi kosa ni dogo zaidi: gramu 58.5 ndani ya lita ya maji huongeza ujazo kwa chini ya asilimia 2.

Ndiyo sababu maabara hutumia chupa ya ujazo, ile yenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba iliyochorwa mstari mmoja. Unaweka kiasi cha maji kisichofika mstarini, unayeyusha chumvi yote, unaacha myeyusho upoe ikiwa ulipata joto, ndipo unaongeza maji polepole mpaka sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari. Shingo ni nyembamba makusudi. Tone moja la ziada linaonekana. Kwenye bika pana tone hilo lisingeonekana, na kuna shule zinazopima kwa bika kisha kushangaa kwa nini madawati mawili yamepata majibu tofauti.

Na ORS je, mbona maelekezo yake yanasema changanya na lita moja ya maji, hayasemi ongeza maji mpaka lita moja? Pakiti nzima ina gramu 20.5 tu, na ujazo unaoongezeka ni karibu asilimia moja. Kwa mama aliye jikoni hilo halina uzito wowote. Lenye uzito ni kusoma kama pakiti ni ya lita moja au ya nusu lita, maana zote zipo. Pakiti ya lita ikitiwa kwenye nusu lita, kila molariti inakuwa maradufu, na dawa inaanza kuvuta maji badala ya kuyaingiza.

Kosa lingine limejificha ndani ya fuwele. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, huwa na molekuli tano za maji zilizofungwa pamoja na kila molekuli ya salfeti ya shaba. Ukiushika ni mkavu kabisa, wala huwezi kukisia kwamba zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Bila maji hayo moli moja ni gramu 159.6, pamoja nayo ni gramu 249.7. Tuseme unataka mililita 250 za 0.1 M. Unahitaji moli 0.025, yaani gramu 6.24 za fuwele za buluu. Ukitumia uzito wa unga mkavu utapima gramu 3.99, na myeyusho utakuwa 0.064 M. Utakuwa wa buluu vilevile, utapendeza vilevile. Hakuna kitakachokuonya isipokuwa kibandiko cha kopo, ambako fomula huandikwa pamoja na nukta na H₂O zake. Isome nukta hiyo.

Kuna pia vitu ambavyo hata ukivipima sawasawa bado huwezi kuviamini. Kastiki soda, haidroksidi ya sodiamu, hufyonza unyevu na kaboni dioksidi kutoka hewani mara kopo linapofunguliwa. Ukipima gramu 4 ukitarajia moli 0.1, sehemu ya gramu hizo tayari ni maji na kabonati. Watu wanaotengeneza sabuni mitaani wanalijua hili kwa uzoefu: kopo lililokaa wazi halina nguvu ya kopo jipya. Mkemia naye hubahatisha kwanza, kisha huutafuta mkolezo wa kweli kwa titresheni. Tutaifikia.

Kabla ya hapo, asidi. Asidi ya haidrokloriki inayoletwa shuleni huja kwenye chupa nzito yenye namba mbili kwenye kibandiko, na wala haitaji molariti. Tuseme imeandikwa asilimia 37 na densiti 1.18. Asilimia hiyo ni ya uzito, densiti inasema mililita moja ina gramu 1.18. Anza na lita moja ya asidi: ina gramu 1,180. Asilimia 37 ya hizo ni gramu 436.6 za HCl yenyewe. Moli moja ni gramu 36.5, kwa hiyo lita hiyo ina karibu moli 12. Hiyo ndiyo 12 M inayotajwa sana maabarani.

Sasa fundi wa maabara anatakiwa kuandaa lita moja ya 2 M kwa ajili ya mtihani. Anahitaji moli 2. Moli hizo anazitoa kwenye chupa ya 12 M, na kuongeza maji hakuongezi wala hakupunguzi moli, kunazitawanya tu. Basi molariti ya kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na molariti ya pili mara ujazo wa pili. Hapo anapata mililita 167. Lakini ukikuta mwongozo unaosema 172, usidhani mmoja wenu amekosea hesabu: asidi ya asilimia 36 yenye densiti hiyo hiyo ni 11.6 M, na moli 2 zake ni mililita 172 hasa. Asilimia moja kwenye kibandiko imehamisha jibu kwa mililita tano. Asidi humiminwa ndani ya maji, polepole, huku ukikoroga. Maji yakimiminwa ndani ya asidi kali, joto linaloruka linaweza kurusha asidi usoni.

Hesabu hiyo hiyo ya kuzimua ndiyo watu wa usafi walijikuta wakiifanya wakati wa korona bila kuiita kemia. Dawa ya klorini ya kufulia yenye asilimia 3.5, unataka asilimia 0.5: 3.5 kwa 0.5 ni 7. Mara saba ni ujazo wote wa mwisho, siyo maji ya kuongeza. Kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Anayeongeza saba amepata asilimia 0.44, naye amerudi kwenye lile swali la lita ya nini.

Titresheni ndiyo karatasi ya vitendo ya KCSE inayowatoa wengi jasho, na sehemu kubwa ya jasho hilo ni la bure. Kazi yake ni moja: una myeyusho unaoujua na myeyusho usioujua, unaviacha viathiriane mpaka kimoja kiishe, kisha unahesabu nyuma. Unaoujua lazima utengenezwe kwa kitu kinachoaminika mizanini. Kabonati ya sodiamu iliyokaushwa ni mojawapo, na Kenya imejaaliwa nayo: magadi ya Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi, yakichomwa hupoteza maji na kaboni dioksidi na kubaki kabonati. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa 1911. Ya maabara, bila shaka, lazima isafishwe zaidi ya ile inayokwenda kwenye viwanda vya kioo.

Tuseme umeyeyusha gramu 2.65 za kabonati hiyo ukafikisha mililita 500. Moli moja ni gramu 106, kwa hiyo una moli 0.025, na molariti ni 0.05. Unafyonza mililita 25 kwa pipeti, unaziweka kwenye chupa ya mdomo mwembamba, unatia matone ya methili oranji, kisha unafungulia bureti yenye asidi usiyoijua mpaka rangi ya manjano ibadilike. Tuseme wastani wa vipimo vyako ni mililita 23.8.

Hapa ndipo mwanafunzi huchomoa ile fomula ya kuzimua: 0.05 mara 25, gawanya kwa 23.8, jibu 0.0525 M. Limetoka haraka, limeandikwa vizuri, na ni nusu ya jibu. Fomula ya kuzimua inasema moli za mwanzo ni sawa na moli za mwisho kwa sababu ni kitu kile kile. Katika titresheni ni vitu viwili tofauti, na mlinganyo wa kemikali unasema kila molekuli ya kabonati inamaliza mbili za asidi. Basi moli za kabonati ni 0.05 mara 0.025, yaani 0.00125. Asidi iliyotumika ni maradufu, 0.0025. Gawanya kwa lita 0.0238, unapata 0.105 M. Siku ambayo asidi hiyo inathiriana na kastiki soda, moja kwa moja, fomula ya mkato inatoa jibu sahihi kwa bahati, na mwanafunzi anazidi kuiamini. Ningekuwa na uamuzi ningeipiga marufuku kwenye titresheni mpaka mtu aonyeshe kwamba anaweza kuhesabu moli bila hiyo.

Joto nalo lina neno. Chombo cha kioo cha maabara huandikwa 20°C, maana maji hutanuka yakipata joto, na lita ikitanuka molariti inashuka ingawa hakuna chembe iliyotoroka. Kati ya nyuzi 20 na 30 maji hutanuka kwa karibu robo ya asilimia. Kwa hali ya hewa ya Nairobi na kwa kazi ya shule, usijali. Usitumie tu myeyusho ambao bado una joto la asidi au kastiki soda iliyoyeyuka muda mfupi uliopita.

Kuna mahali ambapo gramu zimebaki kutawala, nako ni kwenye ripoti za maji. Nyumba nyingi jijini hutegemea visima virefu, na maji hayo mara nyingi huwa na floridi nyingi. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ni gramu 19 kwa moli, kwa hiyo kikomo hicho ni milimoli 0.079 kwa lita. Namba hiyo haimsaidii mwenye nyumba chochote, kwani vikomo vyote vimeandikwa kwa miligramu, naye anataka kujua kama amevuka.

Ila ripoti za naitreti zinaweza kumchanganya. Maabara moja inampa miligramu 31 kwa lita. Anapeleka maji yale yale kwingine, anapewa miligramu 7. Anaanza kushuku kwamba mmoja amekula pesa yake bure. Ya kwanza imepima ioni nzima ya naitreti, ambayo ni gramu 62 kwa moli. 31 kwa 62 ni milimoli 0.5. Ya pili imehesabu naitrojeni pekee iliyomo ndani ya ioni hiyo, gramu 14 kwa moli. 7 kwa 14 ni milimoli 0.5. Hata vikomo vimeandikwa kwa njia zote mbili, miligramu 50 kwa ioni nzima au karibu 11 kwa naitrojeni, na kisima chake kiko chini ya vyote viwili. Hatari ni pale anapochukua 31 ya ripoti ya kwanza na kuilinganisha na 11, au anapopata ripoti ya 20 iliyohesabiwa kwa naitrojeni na kufurahi kwamba haijafika 50. Ishirini hiyo ni karibu miligramu 89 za naitreti.